Mama Vichwa na Umri wa Chewa

Pale soko la samaki walimwita Mama Vichwa, na jina hilo hakulichukia hata siku moja. Wenzake walikuja asubuhi kuchagua samaki wa kukaanga. Yeye alipita na ndoo yake ya plastiki yenye mfuniko, akiulizia vichwa tu. Vichwa vya chewa, wakubwa kwa wadogo.

"Mama, huko kwenu mikia mmeigomea?" wauzaji walimtania.

Alicheka nao, akaandika kwenye kadaftari kake samaki alikuwa na urefu gani na amevuliwa wapi, kisha huyoo, akashika njia ya kituo cha utafiti wa bahari. Nyama ya vichwa, kazi ikishakwisha, aliirudisha nyumbani. Mumewe, fundi cherehani mwenye maneno mengi kuliko vifungo, alikuwa akiwaambia wageni kwamba tangu amwoe mke huyu hajawahi kula chakula kisichomtazama usoni.

Kituoni aliingia miaka ishirini na miwili nyuma, akiwa mfagizi. Shule aliiacha njiani, mtoto wa pili alikuwa bado mgongoni, na kazi yake ilikuwa kupiga deki na kuosha vyombo vya maabara. Ila kila alipofika chumba cha mwisho, ufagio ulipunguza mwendo wenyewe. Mle alikaa mtaalamu wa maabara, mwanamama mkali mwenye miwani mizito, ameinamia hadubini tangu asubuhi hadi jioni kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo. Siku moja mfagizi uvumilivu ukamwishia.

"Samahani dada, humo ndani mna nini?"

"Nawa mikono kwanza," yule mkali akamjibu, akasogeza kiti.

Alichokiona kilikuwa kijiwe cheupe, kidogo kuliko ukucha wa mtoto. Samaki, aliambiwa, ana vijiwe vya namna hiyo ndani ya kichwa, vya kumsaidia kusikia na kukaa sawa majini. Kijiwe hukua pamoja na mwenyewe, na kila mwaka kinaongeza pete moja, kama shina la mti. Ukizihesabu pete, umejua umri wa samaki.

Siku hiyo deki haikuisha. Kesho yake akarudi, na keshokutwa. Jicho lililozoea kumtungia mumewe uzi kwenye sindano halikupata taabu na pete hizo, na mkono wake haukutikisika. Mwanamama mkali akamfundisha miaka minne, akampigania apelekwe kozi, na alipostaafu akamwachia kiti na miwani yake ya akiba.

Sasa, chewa ni samaki mtulivu wa kwenye miamba, na kituoni ilijulikana kwamba hafikishi miaka kumi na mitano. Hivyo ndivyo ilivyoandikwa kwenye ripoti zote, na aliyeziandika alikuwa mkuu wa utafiti, mtaalamu wa viumbe wa baharini ambaye kila mtu alimwita Daktari. Mtu wa haki, lakini mbishi. Zamani vijiwe vilisomwa vizima vizima, jinsi vilivyotoka kichwani. Kituo kilipopata kijisumeno chembamba, Mama Vichwa akaanza kuvikata katikati, kuvisugua kwa msasa mpaka vikawa vyembamba vya kupitisha mwanga, ndipo avihesabu. Hapo mambo yakabadilika. Pembeni kabisa, mahali ambapo kijiwe kizima kilionyesha ukingo mmoja mnene, palikuwa na pete tele zilizobanana kama marinda ya gauni.

Alihesabu kijiwe cha chewa mmoja mkubwa. Thelathini na nne. Akanywa maji, akahesabu tena. Thelathini na nne.

"Haiwezekani," Daktari akasema, bila hata kuketi. "Chewa wa miaka thelathini? Kila mtu anajua hafiki huko."

"Sijui kila mtu, Daktari. Mimi namjua niliyemhesabu."

Lilimtoka kabla hajalipima. Daktari akaondoka, naye akabaki akijiuliza kama kesho atarudishiwa ufagio.

Jumatatu Daktari akaja na kisanduku. Ndani mlikuwa na vijiwe hamsini, vyote vimefichwa majina. Baadhi, alisema, ni vya samaki waliolelewa mabwawani tangu vifaranga, kwa hiyo umri wao unajulikana hadi mwezi. "Sitakwambia ni vijiwe vipi. Hesabu."

Ilimchukua siku sita. Nyumbani alikuwa akila huku midomo yake ikihesabu peke yake. Mumewe akamsukumia sahani ya pili: "Kula, mke wangu. Hao walishakufa, hawana haraka."

Siku ya saba Daktari alifungua karatasi yake ya siri, akalinganisha mstari kwa mstari, kidole kikishuka polepole. Wale wa mabwawani wote alikuwa amewapatia, ila wawili tu, nao aliwakosa kwa mwaka mmoja mmoja. Daktari akavua miwani.

"Mama, nimekosea. Miaka sita nimekuwa naandika makosa."

Mama Vichwa akamvutia kiti. "Basi keti," akasema, "nikuwekee chai."

Wakiwa na chai mkononi, Daktari akaanza kufikiri kwa sauti. Kama chewa anaishi muda mrefu hivyo, basi na kukua anakua taratibu. Wadogo wengi wanaoletwa sokoni hawajawahi kutaga hata mara moja. Na wakubwa huvuliwa miezi miwili ile ile wanayokusanyika kutaga, kwenye mkondo mmoja kati ya miamba. Mkondo ule ungepumzishwa miezi hiyo. Lakini nani awaambie wavuvi?

Wakaitwa kwenye ukumbi wa ushirika wao. Daktari alionyesha michoro na mistari ya kupanda na kushuka. Watu wakatoa simu zao. Mvuvi mmoja mrefu, waliyembandika jina Ndoano kwa sababu maneno yake hayakosi mtu, akainuka.

"Daktari, samaki wako wa kwenye karatasi sisi hatuwafahamu."

Ukumbi ukacheka. Mama Vichwa alikuwa nyuma na hadubini aliyoileta iwe pambo la meza tu. Hakuwahi kuzungumza mbele ya watu, lakini akasimama.

"Ndoano, yule chewa wako wa mwezi uliopita, uliyenipa kichwa chake, si unamkumbuka?"

"Nitamsahauje? Tulimbeba wawili."

"Yuko hapa. Njoo umhesabu mwenyewe."

Ndoano akaja kwa madaha, akainama. Mama Vichwa akamwonyesha pa kuanzia. "Moja," akaanza kwa kejeli, "mbili, tatu..." Kufika kumi na tano kejeli ikaisha. Kufika ishirini ukumbi mzima ulikuwa ukihesabu pamoja naye. Thelathini na sita. Akainua kichwa, amekodoa macho.

"Wee! Huyu ni mkubwa kwangu!"

"Umemla kaka yako!" mtu akapiga kelele, na kicheko kikatikisa mabati.

Baada ya hapo watu wakapanga foleni, kila mmoja anataka kuhesabu. Kikao cha saa moja kikaenda saa tatu. Si wote walioridhika. Mmoja mwenye boti mbili alitoka akinung'unika. Lakini waliobaki walikubali kuupumzisha mkondo kwa misimu miwili ya majaribio, na Ndoano mwenyewe akajitolea kusimamia zamu za ulinzi.

Misimu miwili ikaisha, wakaongeza mitatu bila kubembelezwa. Wapiga mbizi wa kituo wanaona chewa wadogo wengi zaidi kila mwaka. Wakubwa bado wachache, na Mama Vichwa halimsumbui hilo. Samaki wa miaka thelathini, anasema, hapikwi kwa miaka mitano.

Ripoti mpya ilipotoka, jina lake lilikuwa la pili, baada ya la Daktari. Mumewe aliutia ukurasa huo kwenye fremu, akautundika juu ya kioo cha kujaribia nguo. Siku hizi mteja akija kupima suruali lazima asome kwanza, na asiyeelewa anaelezwa, huku pindo likiwa bado na pini.