Salomon Syauswa ajifunza kusema machache

Katika mtaa wa Vungi, mjini Butembo, watu wa miaka ile ya vita hawakuelewana juu ya mambo mengi: juu ya waasi walioshika mji, juu ya askari wa Uganda waliowalinda waasi, juu ya bei ya chumvi. Juu ya Salomon Syauswa walielewana. Huyu, walisema, alizaliwa kuwa wakili.

Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, mfyatua matofali siku za kazi na katekista siku ya Bwana. Mikono yake ilikuwa na rangi ya udongo wa kando ya mto, na sauti yake ilifika mlango wa kanisa bila kipaza sauti. Ng'ombe wa mtu akikanyaga kunde za jirani, Salomon aliitwa. Mke akirudi kwao Kanyabayonga na masufuria yote, Salomon aliitwa. Aliwasikiliza wote wawili, akawapa wote wawili haki, akatafuta mbuzi wa kuchinjwa, na kabla jua halijatua mahasimu walikuwa wanakula sahani moja. Salomon wa Biblia aliagiza upanga. Salomon wa Vungi aliagiza mbuzi.

Kwa hiyo hakuna aliyeelewa mtu huyo alianguka vipi mtihani wa kuingia kitivo cha sheria mwaka 1998, kisha akaanguka tena mwaka 1999. Maandishi alipita mara zote mbili. Aliangushwa na mtihani wa mdomo, yaani pale hasa ambapo mtaa mzima ungemwekea dhamana. Na kanuni ya kitivo ilikuwa wazi: mara tatu, basi. Oktoba 2000 ingekuwa ya mwisho. Akishindwa, angebaki na matofali yake.

"Beko na wivu," alisema mke wake, Adèle. "Banaogopa utakamata kiti yabo."

Salomon aliyapenda maelezo hayo. Hata hivyo, mwezi wa pili mwaka 2000, alikwenda kubisha hodi kwa Mama Greffier.

Jina lake hasa Antoinette Elikia, alizaliwa Mbandaka, mbali kule kwenye mto mkubwa, na Serikali ilimtuma Butembo mwaka 1991 kuwa greffier, karani wa mahakama. Alipanga kukaa miaka miwili. Tangu Agosti 1998 mshahara wake ulikuwa upande mmoja wa mstari wa vita na yeye upande wa pili. Ujanani alisoma sheria miaka miwili Kisangani, na hakusahau hata ukurasa mmoja. Sasa alitayarisha watahiniwa uani kwake, chini ya kamba za nguo, akilipwa unga, makaa na viazi vya Lubero. Saa yake ya mkono ilibaki kwenye kizuizi cha barabara, kwa askari mmoja aliyesema anaiazima. Ndiyo maana alipima muda kwa viazi. Mwanafunzi alianza kutetea kesi kisu kilipogusa kiazi, na alitakiwa kuwa amemaliza ganda la mwisho likianguka sahanini.

Siku ya kwanza alimpa Salomon kesi nyepesi. Mbuzi wa mtu amekula maharagwe ya mzee Paulin. Mtetee Paulin.

Salomon alisimama, akafunga kifungo cha koti, akakohoa kidogo.

"Mama Greffier, na weye Kavuo, na benye banapita mu barabara, nabasalimia bote. Wakati bankambo betu balishukia mu hii milima..."

Alikuwa bado kwa mababu, ganda likaanguka.

"Kiazi imeisha, Yaya Salomon," alisema Kavuo, "na mbuzi haiyafika ata mu shamba!"

Kavuo, aliyemwita Yaya, yaani kaka, alikuwa mtahiniwa mwenzake, msichana wa miaka kumi na tisa, binti wa mwuza mboga wa soko kuu. Alizoea kumaliza mabishano na wateja wanne kwa wakati mmoja. Alicheka mpaka akashika kamba ya nguo.

Kwenye kiazi cha tatu mbuzi aliingia shambani. Lakini hapo Salomon alikumbuka kwamba mwenye mbuzi naye ni baba wa watoto sita, kwamba mwaka ule ulikuwa mbaya, kwamba uzio wa Paulin ulikuwa wa zamani.

"Simama kwanza," alisema Mama Greffier. "Unatetea nani?"

"Bote."

"Bote hapana kukukamata avocat, wakili yabo. Mutu mumoja njo amekukamata. Ule mwingine iko na wake."

"Lakini, Mama, ukishinda mutu kabisa, kesho mutakutana wapi? Ku kisima?"

"Kesho ni kazi ya padri. Leo ni mtihani."

Mtu asiyewajua Wanande, watu wa milima ile, angedhani ni upole tu. Ilikuwa elimu. Salomon alikua katika kyaghanda ya mjomba wake Muyisa, ile nyumba ya mikutano ambamo wanaume wa ukoo hukaa kuzunguka moto na mvulana hufundishwa kusema. Humo, anayekwenda moja kwa moja kwenye jambo ni sawa na anayeingia bila salamu. Na anayemshinda mwenzake mpaka chini ameacha kidonda ndani ya ukoo. Mambo mawili aliyosifiwa nayo tangu utoto ndiyo mambo mawili yaliyomwangusha mara mbili mbele ya wakaguzi waliokuwa na dakika kumi kwa kila mtu.

Alifanya alichoweza kufanya mtu mwenye ulimi wa namna yake: alitafuta muda zaidi. Lori la Lubero lilipoingia alipanda juu ya magunia, akachagua kiazi kikubwa kama kichwa cha mtoto, chenye mavimbe kila upande, kiazi ambacho fundi wa kisu angekihangaikia robo saa. Akakipeleka kwa heshima, kwa mikono miwili.

Mama Greffier alikigeuza, akakisifu.

"Asante sana, Papa Salomon. Hii tutakula." Akatia mkono kwenye kikapu, akatoa kingine kisichozidi yai la kuku. "Anza."

Miezi ikapita hivyo. Kavuo alijifunza kuacha kuwakatiza watu. Salomon alijifunza vifungu vya sheria ya ndoa na vya urithi, alivisema kwa moyo akipanga matofali tanuruni, lakini kila kesi ilimalizika kwa watu wawili kushikana mikono. Mwezi wa saba Mama Greffier aliweka kisu chini.

"Jumapili kuko kesi kwa mjomba wako?"

"Iko. Chukudu ya Edmond imevunja mitungi ya Mama Agar."

"Utaenda na kahiye. Utaandika. Ukifungua mdomo, usirudi kwangu."

Jumapili ile baada ya misa, kyaghanda ya mzee Muyisa ilijaa. Edmond alikuwa ameiacha chukudu yake, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, juu ya mteremko. Ilishuka yenyewe na kuvunja mitungi mitatu ya kasiksi mbele ya jiko la Mama Agar. Pombe yote ya ndizi ilikwenda barabarani, na kuku wawili waliokunywa walilala hadi jioni. Wazee walianza kwa salamu, wakapita kwa mababu, wakamtazama Salomon.

"Mwipwa wangu, tunakusikiliza," alisema mzee Muyisa.

Salomon alionyesha daftari na kalamu.

"Mjomba, leo niko naandika tu."

Wazee walisogea karibu na moto kumtazama vizuri.

"Iko mugonjwa?" mmoja aliuliza.

"Ni ile shule," alisema mwingine. "Balishanunua ulimi yake."

"Kwa bei gani? Ile ulimi ni ya kilo mingi!"

Walicheka, kisha wakaendelea bila yeye kwa muda wa saa mbili. Salomon aliandika kila neno, na mwishoni, kama alivyoagizwa, alifuta kila lisilokuwa jambo lililotendeka. Ilibaki mistari mitatu. Chukudu iliachwa juu ya mteremko. Jiwe liliwekwa chini ya gurudumu. Mitungi ilivunjika. Aliitazama mistari hiyo, akashtuka jinsi ilivyokuwa michache, na ndipo alipoona pengo katikati yake. Nani aliondoa jiwe? Hakuna aliyeuliza. Aliinua macho. Kupitia mlangoni aliona jiko la Mama Agar ng'ambo ya njia: mafiga mawili meusi ya zamani, na la tatu jipya, jeupe, bado lina alama ya tope la gurudumu.

Edmond alihukumiwa kutoa kuku. Salomon aliuma kalamu.

Kesho yake asubuhi, kabla ya kazi, alifika kwa Mama Greffier anahema.

"Ni mafiga! Yeye mwenyewe Mama Agar alikamata jiwe, akatia chini ya sufuria!"

"Ulibaambia?"

"Hapana."

"Ilikuuma?"

"Sana, Mama. Apa, mu shingo."

"Bon. Sasa umeanza kusoma sheria. Enda uambie mjomba wako pembeni, kuku ya batu irudi."

Kuku alirudi kwao siku hiyohiyo. Tangu hapo Salomon hakuhitaji kusukumwa. Aligundua kwamba maneno yake mengi yalikuwa namna ya kutembea gizani akipapasa ukuta. Akishaona mlango ulipo, hakuwa na haja ya kupapasa. Wiki ya mwisho alimaliza kesi ya ndoa kiazi kikiwa nusu, akakaa, na Kavuo akapiga makofi.

Mwaka ule profesa wa kitivo alikuja kwa njia ya Uganda, akavuka mpaka wa Kasindi na kusimama Beni. Wakaguzi waliogopa barabara ya Butembo. Watahiniwa hawakuulizwa kama wanaogopa. Salomon na Kavuo waliondoka alfajiri juu ya lori la mbao, wakashuka kwenye vizuizi vitatu kuonyesha karatasi, na kufika Beni wamevaa vumbi jekundu juu ya nguo za misa. Mtihani wa mdomo ulifanyika katika darasa la shule. Mlangoni alisimama askari kijana, jina lake Jordy, mtu wa mkoa wa Équateur, kule Mbandaka, aliyewapangia foleni kwa ukali ambao hakuna aliyemwomba.

Salomon aliitwa kabla ya Kavuo. Ndani kulikuwa na meza moja, wakaguzi watatu, na swali moja, kwa Kifaransa. Mjane ameuza shamba la kahawa aliloacha marehemu mumewe. Ana watoto wanne. Shemeji yake anapinga. Mtetee shemeji.

Damu ilimpanda. Mashemeji wa namna hiyo aliwajua. Wawili alikuwa amewafukuza matangani yeye mwenyewe. Salamu ndefu zilimjia mdomoni, na nyuma yake wakaja mababu. Alizimeza zote. Akatafuta mambo yaliyotendeka, akayapata, akasema:

"Mteja wangu hasemi kwamba mjane hana haki. Anasema hana haki peke yake. Marehemu aliacha watoto, na sheria inawaweka mbele ya wote. Hawakuulizwa. Inampa pia ndugu wa marehemu fungu dogo. Naye hakuulizwa. Mjane ameuza kisichokuwa chake peke yake. Naomba mauzo hayo yafutwe."

Profesa alingoja.

"Ni hayo tu?"

Shingoni palimuuma. "Ni hayo tu, Monsieur le Professeur."

"Na wewe, moyoni mwako, unaona nani anastahili shamba?"

Hapo ndipo wengine wote walipokuwa wamezama siku ile. Salomon alifikiri juu ya mjane, juu ya watoto wanne, juu ya mbuzi mmoja mzuri ambaye angemaliza jambo zima.

"Mteja wangu hakukodi moyo wangu," alisema.

Mkaguzi wa kushoto alificha mdomo kwa karatasi. Profesa aliandika.

"Kumi na tatu kwa ishirini. Umepokelewa. Ungeongeza neno moja ningeondoa alama moja. Mwingine aingie."

Salomon aliinama, akatoka, akampisha Kavuo mlangoni bila kuthubutu hata kumnong'oneza.

"Olongi?" aliuliza Jordy kwa lugha ya kwao.

Alikuwa amefaulu, ndiyo, na katika mji wote wa Beni askari huyo alikuwa mtu wa kwanza kumwuliza. Salomon alimshika mkono kwa mikono yake miwili. Alimshukuru kwa kulinda mlango. Alimshukuru mama aliyemzaa. Akamshukuru Mama Greffier, mtu wa kwao kabisa, akaeleza yeye ni nani na alifikaje Butembo. Akamshukuru Adèle, mzee Muyisa, na dereva wa lori, ambaye alikuwa anapiga honi barabarani kwa sababu alitaka kurudi mapema.

Kavuo alitoka na kumi na sita yake, akafunga viatu, akanywa maji, akanunua ndizi mbili.

"Yaya Salomon, lori inatuacha!"

"Naja, mudogo wangu, naja," alisema Salomon, huku Jordy, bunduki begani, akitikisa kichwa kwa adabu na kutafuta pa kuutoa mkono wake. "Niko nafika sasa ku bankambo."