Utaitwa

Maumivu yalimkuta Edvina shambani, mchana, jua likiwa juu ya migomba na upepo umelala. Alikuwa ameinama akikata majani makavu. Jirani akamsalimu kutoka ng'ambo ya ua, naye akajiinua aitikie, akafungua kinywa, na salamu ikaishia katikati. Kitu kilipita usoni upande wa kushoto, kutoka sikioni hadi kwenye kona ya mdomo, chembamba na cheupe kama radi inayopiga mbali ziwani bila ngurumo. Kisha kikaondoka. Hakikuacha uvimbe wala joto. Migomba ilisimama vilevile, na jirani alikuwa bado anasubiri kuitikiwa.

Alidhani ni jino. Nani asingedhani hivyo? Kliniki moja ya njiani ilimng'oa gego, na maumivu yaliporudi ikamng'oa lililofuata. Maumivu hayakujali kwamba meno yameondoka. Yalipita palepale, juu ya pengo.

Edvina ni mjane wa makamo, mwenyeji wa Kamachumu, na anaishi katika kibanja cha migomba na kahawa alichoachiwa na mumewe. Binti yake wa pekee, Jovina, ni fundi cherehani mjini Bukoba. Wanaomfahamu Edvina wanamfahamu kwa maneno. Alikuwa mtu wa kuongea toka ua hadi ua, wa kuongoza sala za jumuiya, wa kucheka kabla hajamaliza kusimulia. Sasa akajifunza kuishi na nusu ya uso. Alinawa upande wa kulia tu. Uji aliuacha upoe, akaunywa kwa kijiko kilichoingia pembeni. Asubuhi, ukungu ulipokuwa ukipanda kutoka bondeni, alijifunga kanga kuanzia utosini mpaka kidevuni na kubakiza jicho moja. Maneno aliyapima, akayatoa kidogo kidogo.

"Ma Edvina, siku hizi unaongea kama askofu," wanawake walimtania wakianika kahawa. "Neno moja, kituo. Neno moja, kituo."

"Ninyi semeni tu," alijibu. "Sadaka mtatoa."

Lakini utani ulikoma siku ya sala ya jumuiya. Walikuwa wamekusanyika sebuleni kwake, naye anaongoza rozari. Katikati ya "Salamu Maria" akanyamaza. Mkono wa kushoto ulipanda wenyewe ukasimama mbele ya shavu bila kuligusa, kama mtu anayetaka kuondoa utando wa buibui na kuogopa kuukata. Macho yalikuwa wazi na hayakumtazama yeyote. Watu wakasubiri. Na kutoka nyuma, bibi mmoja akasema taratibu, kwa sauti ya mtu anayetambua kitu cha zamani:

"Ameitwa."

Vijana hawakuelewa. Wenye umri wakainamisha vichwa. Neno hilo lilikuwa la mama mkwe wa Edvina, Ma Paskazia, aliyefariki miaka mingi iliyopita. Katika uzee wake naye alikuwa akikatika katikati ya neno, mkono umesimama mbele ya shavu lilelile la kushoto, na majirani walikuwa wakisema: mwacheni, anaitwa. Nani aliyemwita, hakuna aliyeuliza kwa sauti. Ma Paskazia alizikwa na siri yake nyuma ya nyumba, kati ya migomba.

Kama Edvina angekuwa binti yake, watu wangesema ni damu. Lakini alikuja pale kama bibi harusi, kutoka ukoo mwingine kabisa. Walichochangia na marehemu ni nyumba, na chumba cha nyuma alimofia mama mkwe, ambacho Edvina alihamia baada ya mumewe kufa kwa sababu hakivuji. Baada ya siku ile ya rozari alianza kukiangalia vizuri. Ukutani, karibu na kichwa cha kitanda, chokaa ilikuwa imelika na kung'aa mahali padogo, kama palipopakwa mafuta. Alikuwa amepaona siku zote. Mchana mmoja maumivu yalipomshika ameketi kitandani, aliegemeza paji la uso ukutani, na yalipopita akagundua kwamba paji lake limetua palepale, pasipo kutafuta, kwa kimo kilekile. Ukuta ulikuwa wa baridi. Alibaki hivyo kitambo, akipumua, na hakupenda jinsi palivyomtosha.

Jovina ndiye aliyemlazimisha kwenda hospitali mjini. Alimchukua akalale kwake Hamugembe, na asubuhi wakapanda bodaboda mbili kwenda kumwona daktari. Upepo wa ziwa ulikuwa mkali. Edvina alijifunika uso wote kwa kanga.

"Mama," dereva alisema, "ukijifunika hivyo watu watadhani nimetorosha bibi harusi."

"Endesha," Edvina alisema ndani ya kanga. "Wakiniona ndiyo watakuonea huruma."

Daktari alikuwa mwanamke mpole mwenye mikono baridi. Alimgusa shavu kwa pamba, hapa, na hapa, na pale karibu na pua Edvina akanyamaza, mkono ukapanda. Daktari hakusogea. Alisubiri mpaka macho yakarudi.

"Meno yako hayana shida," alisema. "Hata yale yaliyong'olewa, sidhani kama yalikuwa na shida."

"Basi ni nini?"

"Inaweza kuwa mshipa wa fahamu. Inaweza kuwa kitu kinachougandamiza mshipa huo. Sitaki kukupa jina ambalo sina uhakika nalo. Lazima upigwe picha ya kichwa, na hiyo ni Mwanza, na kuna foleni. Dawa hizi zitakupa kizunguzungu kidogo, tuone kama zitatuliza." Akaandika, akainua uso, akatabasamu. "Nenda nyumbani, mama. Utaitwa."

Jovina alimshika mama yake mkono. Daktari alidhani ni furaha.

Walipofika chumbani Hamugembe, Jovina akasema, "Amemaanisha simu, mama. Watapiga simu." Edvina akajibu kwamba amesikia. Lakini tangu siku hiyo, kila alipokuwa peke yake na nyumba ikatulia, alijikuta amekaa kama mtu aliyeambiwa asubiri mlangoni. Dawa zilifanya sakafu iyumbe. Kuna siku maumivu hayakuja kabisa, toka asubuhi hadi jua linazama, na siku hizo zilikuwa mbaya kuliko nyingine, kwa sababu aliutumia muda wote kusikiliza.

Wakati huohuo posa ya Jovina ilikuwa imefika. Kijana aliitwa Datius, wa familia ya wakulima wa Kimwani, na watu wake walituma ujumbe kwamba Jumamosi watakuja. Ndipo shemeji yake Edvina, Ta Kashaija, mdogo wa marehemu mumewe, alipokuja kuketi barazani na kofia magotini.

"Shemeji, Jumamosi kahawa atatoa mke wangu."

Kwetu mgeni hapokelewi kwa maneno matupu. Anapewa akamwani, kahawa ya kutafuna, iliyochemshwa na majani ya harufu nzuri ikakaushwa, na anapewa na mwenye nyumba mwenyewe. Mwenye nyumba hutafuna kwanza, mbele ya macho ya wote, ili mgeni ajue hakuna kilichofichwa ndani. Asipotafuna, au akitafuna akasita, mgeni mwenye adabu huirudisha punje kwenye jani na kuaga. Posa hufa hapohapo, bila ugomvi.

"Nyumba hii ina mwenyewe," Edvina alisema.

"Mwenyewe anaitwa katikati ya salamu. Unataka watu wa Kimwani waone?"

"Waone nini? Mimi ni mgonjwa."

"Mgonjwa wa nini?"

Edvina alivuta kanga juu ya shavu.

"Unaona," Kashaija alisema, bila ukali. "Mgonjwa wa malaria tunamjua. Wa sukari tunamjua. Ugonjwa wako hauna jina, na watu wataupa jina wenyewe. Hawatachagua zuri. Angalau sema ni jino. Jino kila mtu analo."

"Mimi yananiishia."

Kashaija akacheka, kisha akakasirika kwa kuwa amecheka. "Na kile kitanda cha marehemu mama unacholalia kitoke mle ndani. Kuna mtu ninayemfahamu, anaweza kuja kumsindikiza mama kwa heshima, apumzike."

"Marehemu alinipokea vizuri akiwa hai. Nimfukuze kwa kosa gani?"

Alikumbuka, ingawa hakusema, jinsi mambo yalivyokwenda kwa Ma Paskazia. Kwanza walimwomba aache kutoa kahawa, kwa wema tu, asiaibike. Halafu wakamwomba abaki chumbani wageni wakiwepo. Halafu wageni wakaacha kumuulizia. Mwishoni alikuwa sauti nyuma ya mlango, inayoanza neno na kutolimaliza.

"Nitatoa mimi," Edvina alisema.

"Ukikwama je?"

"Nikikwama mtaniona."

Jumamosi watu wa Kimwani walifika mapema, wakiwa na nguo safi na viatu vyenye tope la njiani. Msemaji wao alikuwa shangazi yake Datius, Ma Leokadia, mwanamke mrefu ambaye alikuwa na kawaida ya kumsikiliza mtu akiwa amefumba macho. Walikaa. Nyumba ikanukia kahawa iliyokaushwa na sabuni ya nguo. Jovina alikuwa chumbani na wasichana wenzake, mlango umeachwa wazi kidogo.

Edvina akatoka na kikapu kidogo kilichotandikwa jani la mgomba. Alikuwa amefungua kanga, uso wote uko nje. Akapiga magoti, akachukua punje, akaiweka upande wa kulia, akauma. Punje ikapasuka. Hakuna kilichotokea. Akatafuna polepole, akimeza uchungu wake mzuri, na akapitisha kikapu. Kila mgeni akachukua, akashika mkononi, kama inavyopasa, akingoja neno la kukaribishwa.

"Karibuni, waitu, watu wetu," Edvina alisema. "Nyumba hii ni—"

Kile kitu kikapita usoni.

Mkono ukapanda, ukasimama mbele ya shavu. Macho yakawa mahali pengine. Nje kuku alikuwa akiparua majani, na mle ndani ilisikika sauti hiyo tu. Mzee mmoja wa Kimwani akaangalia punje iliyo mkononi mwake, kisha akairudisha kwenye jani, taratibu, kama anayerudisha kitu kilichoazimwa.

"Shemeji anasumbuliwa na jino," Ta Kashaija alisema haraka. "Jino tu."

Ma Leokadia alikuwa amefumbua macho. Hakumtazama Kashaija. Alimsubiri Edvina mpaka mkono ukashuka, kisha akauliza, kwa heshima, kama mtu anayeuliza habari za safari:

"Ma Edvina, nani amekuita?"

Basi walikuwa wamesikia hata Kimwani. Edvina alimwona Kashaija akimkazia macho: jino, sema jino.

"Si jino," alisema. Alisema kidogo kidogo, akingoja kila neno lipite salama. "Meno waliyang'oa bure. Sijui ni nini. Hospitali nao hawajajua, ninasubiri picha ya Mwanza. Mama mkwe wangu alikuwa hivi, tukamficha chumbani mpaka akafa, na hatukujua. Mimi sijifichi. Mnachukua mtoto kutoka nyumba hii, mwoneni mama yake alivyo. Mkitaka kuirudisha kahawa, irudisheni. Nimeitafuna mimi, ni safi."

"Na mtoto?"

"Mtoto ni mzima. Zaidi ya hapo nikikuahidi nitakuwa nimekudanganya."

Ma Leokadia akafumba macho tena. Alikaa hivyo muda mrefu, punje katikati ya vidole, na Edvina akahisi shavu lake likianza kuwasha, kama ngozi inavyojua mvua kabla ya mawingu. Hakuinua mkono. Kisha yule mwanamke akaitia punje kinywani, akaiuma, akatafuna.

"Imekolea," alisema. "Mmeweka majani gani?"

Mzee akanyoosha mkono, akaichukua tena ile aliyoirudisha. Wengine wakafuata. Chumba kizima kikaanza kutafuna, kwa pamoja na bila haraka, mataya ya watu wa Kimwani na ya watu wa Kamachumu, na punje zikawa zinapasuka moja baada ya nyingine, sauti ndogo, kavu, za mfupa. Edvina alibaki magotini katikati yao. Kila iliyopasuka aliisikia ndani ya shavu lake mwenyewe, akaisubiri, ikapita, akaisubiri iliyofuata.