Mama Generosa na Dola ya Funguo Kumi na Mbili

Alizaliwa Generosa Kokuhirwa tarehe 2 Februari 1936, sikukuu ya Kutolewa Bwana Hekaluni, karibu na misheni ya Kashozi huko Bukoba. Baba yake alikuwa katekista na mkulima wa kahawa. Mama yake alifua vitambaa vya altare. Kwa mama huyo alijifunza kutumia pasi ya mkaa bila kuacha hata alama ya majivu, na ufundi huo ulimfikisha mbali kuliko wasomi wengi wa ukoo wake. Mwaka 1968 masista waliomfahamu walimpeleka Roma, na kwa miaka kumi na mitano alipiga pasi mavazi ya ibada ndani ya kuta za Vatikano.

Huko aliona jambo ambalo halikumtoka moyoni. Dola ile, ndogo kuliko zote duniani, ina malango yake, posta yake, duka lake la dawa na walinzi wake. Baba Mtakatifu huiongoza akisaidiwa na makardinali, nayo huishi kwa sadaka za waamini na viingilio vya wageni wanaokuja kutazama makumbusho. Lakini hakuna aliye raia wake kwa kuzaliwa tu. Uraia unatokana na utumishi, na mlinzi akimaliza utumishi wake hurudisha karatasi, akatoka langoni kama mgeni. Generosa aliona haki kubwa katika desturi hiyo. Kwao watu walishtakiana miaka na miaka kwa ajili ya viwanja vya mababu, na hapa mtu alikuwa na kile tu alichokitumikia.

Mwaka 1991 Doris, binti wa kaka yake, aliyekuwa akiuguza wazee huko Roseville, alimwita aje kuishi mjini Saint Paul, Amerika. Huko Generosa aliwakuta Watanzania na Wakenya waliomaliza masomo wakihamahama kutoka sebule moja hadi nyingine. Paroko mmoja alikuwa na nyumba ya masista iliyobaki tupu, vyumba kumi na viwili na jiko moja, akamkabidhi aitunze. Hapo mama huyu asiye na cheo chochote akaanzisha dola yake. Palikuwa na baraza la watu watatu, ubao wa zamu jikoni, na misumari kumi na miwili ya funguo. Sisi tuliohamia humo tulipiga pasi vitambaa vya altare vya parokia za jirani, nazo zikatuletea mafuta ya kupashia nyumba joto na magunia ya viazi. Sheria aliiandika kwa mkono wake: mwenye zamu ndiye mwenyeji, na asiyeshika zamu siku arobaini arudishe ufunguo. Tulimtania tukimwomba viza kila tulipoingia, naye alitazama kwanza kama viatu vyetu vina theluji.

Jaribu lake kubwa lilikuja Januari 1996. Zachariah, Mkenya wa Meru aliyekuwa akipakia malori katika ghala moja huko Savage, alikuwa ameumia mgongo mwezi Novemba. Aliweza kukaa kitini, kula na kusali, basi. Hakuwa na ndugu katika Amerika yote. Siku arobaini zilipita, minong'ono ikaanza, kwa maana wapo waliorudi kutoka kazini Golden Valley wakiwa hoi na bado wakasugua masufuria. Baraza likakutana Jumapili baada ya Misa. Wajumbe walikuwa Lois, muuguzi kutoka Kenya; Elihuruma, Mluteri wa Upareni; na wa tatu ni mimi Anselm, niandikaye haya. Elihuruma alikumbusha kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi niliitikia kwa kichwa, na nilijiona mwadilifu. Lois ndiye aliyemwambia mama waziwazi.

"Mum, hii sheria si ni wewe uliandika? Tukianza ku-bend, kesho kila mtu ataleta story yake."

Tulipiga kura, na sote watatu tukasema atoke. Nje baridi ilikuwa imegandisha hata bawaba za mlango. Generosa angeweza kutengua neno letu, kwa kuwa nyumba ilikabidhiwa kwake. Hakufanya hivyo. Alimwita Doris aliyekuwa jikoni, akamwagiza aseme mbele ya baraza ni nani aliyekuwa akishika zamu ya shangazi yake. Doris alilia kabla ya kujibu. Moyo wa Generosa ulikuwa umechoka tangu Septemba, hakuweza tena kusimama kwenye meza ya pasi, na Doris alipita kila alfajiri kabla ya kazi kumfanyia, akificha ili heshima ya mkubwa isishuke. Yeyote aliyelelewa kwetu angefanya kosa hilohilo. Ndipo Generosa akavua ufunguo shingoni, akauweka mezani.

"Siku zangu arobaini zilipita kabla ya za Zachariah," alisema. "Sheria hii niliiandika nikiwa na miguu. Nilimtazama mlinzi aliyetoka langoni na nguvu zake. Sikuwatazama masista vikongwe waliobaki ndani, wakilishwa uji kwa kijiko. Baraza limeamua sawasawa na sheria yangu, na sheria yangu ni mbovu. Basi tutatoka wawili."

Nao wakatoka. Tulimfuata hadi kwenye gari la Doris tukimsihi abaki, angalau yeye. Alitujibu kwamba sheria inayomwinamia mkubwa na kumkazia mnyonge haina Mungu ndani yake. Siku tisa alilala chumbani kwa Doris huko Roseville, na Zachariah kwenye kochi la sebuleni. Kwetu pasi zilipoa, na hakuna aliyetaka kuutazama ule ubao. Siku ya tisa tulikutana wote kumi tuliobaki, tukaongeza mstari mmoja: asiyeweza zamu yake atashikiwa, na jina lake halitafutwa. Generosa alikubali kurudi kwa sharti kwamba Zachariah avuke kizingiti kwanza. Elihuruma alimbeba mgongoni, akilia bila kujificha.

Alifariki tarehe 14 Machi 1998, akiwa amepakwa mafuta matakatifu, Doris akiwa amemshika mkono. Siku ya maziko Zachariah, ambaye tangu aumie hakuwa ametembea peke yake, aliinuka kitini, akatembea hatua sita bila kushikwa, akautundika ufunguo wa mama kwenye msumari wake. Daktari alisema migongo hupona, na huenda ni kweli. Sisi tulioona tunashukuru, na hukumu tunaliachia Kanisa.

Anayetaka kumwiga Mama Generosa asitafute dola ya kutawala. Ajihukumu kwanza kwa sheria anayowatungia wengine, kisha aishike zamu ya asiyeweza. Hayo siyaandiki kama mwalimu. Novemba iliyopita niliteleza kwenye barafu nikavunjika nyonga, na zaidi ya siku arobaini zimepita sijashika kitu jikoni. Kila Jumanne nasikia masufuria yangu yakisuguliwa taratibu na Zachariah, ambaye nilipiga kura atoke. Jina langu bado lipo ubaoni.