Daktari wa Kioo

Wasiomjua walimwita Mheshimiwa. Sista, nesi mkuu wa zahanati ile ya nyuma ya soko, alimjua tangu hajui hata kutafuta mshipa. Aliletwa pale miaka kumi na miwili iliyopita, daktari mpya, koti limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe. Siku ya kwanza alimtoboa mgonjwa mmoja mara tano mkono uleule, mgonjwa analia, daktari anavuja jasho, hadi Sista akamsukuma kwa kiwiko. "Hebu pisha, baba. Huyu ni mtu, si mto wa sindano." Akaupata mshipa mara moja.

Lakini Mungu hamnyimi mtu vyote. Alikuwa na sauti. Lo, sauti ile! Akikutajia minyoo utadhani anakuchumbia. Basi watu wa runinga walipokuja kutafuta daktari wa kuzungumzia kikohozi kwa dakika tatu, madaktari wenye kazi walikuwa kazini. Yeye alikuwa na nafasi. Dakika tatu zikawa nusu saa, nusu saa ikawa kipindi cha kila Jumapili, na mtaa ukambandika jina: Daktari wa Kioo. Zahanati hakuiaga. Aliacha tu kuja, na koti lake likaning'inia msumarini mpaka mfagizi alipolikata matambara ya madirisha.

Hayo yote Sista asingeyajali, kila mtu na riziki yake. Kilichomchoma ni Jumapili moja, alipopiga simu mtu aliyekuwa amechoka kumeza vidonge vya presha na kila siku anajiona mzima. Jibu sahihi la swali hilo ni fupi na halina makofi: unajiona mzima kwa sababu unameza, endelea kumeza. Daktari wa Kioo akaegemea kiti, akaichekea kamera. "Mwili nao unachoka, ndugu yangu. Ukijisikia vizuri, upe likizo. Pumzisha mwili!" Studio nzima ikapiga makofi. Makofi, jamani!

Mama mzazi wa Sista, aliyekuwa sebuleni akitazama, naye akapiga. Tangu siku hiyo akagoma kumeza vidonge vyake.

"Mama, presha haipigi hodi," Sista alimbembeleza. "Si unamwona jirani, kaanguka bafuni, mpaka leo mdomo umekwenda upande?"

"Wewe nesi. Yule daktari."

"Mimi ndiye niliyemfundisha yule kuchoma sindano!"

"Ndiyo maana yeye kafika mbali, na wewe uko palepale."

Mama ni mama. Sista akawa anampima kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, na kila wiki namba zilipanda. Aliogopa, tena sana. Simu ikilia mfukoni akiwa kazini, aliwahi mlangoni kabla hajaona ni nani anayepiga. Mwishowe akaona dawa ni moja: aliyeyasema ayafute mwenyewe, kulekule kwenye kioo. Sentensi moja tu. Mama hakuwa na sikio la kumsikiliza mtu mwingine.

Wakati huo bwana mkubwa alikuwa anagombea ubunge. Sista alimkuta ofisi ya kampeni, katikati ya marundo ya fulana zilizoandikwa *Pumzisha Mwili, Amsha Nchi*. Yaani upuuzi wa Jumapili umeshonwa vifuani mwa watu! Akamkumbatia, "Sista wangu huyu!", akamsikiliza, akaitikia kwa kichwa kila neno.

"Uko sahihi kabisa, Sista. Sikubishii. Ila mimi nikijisahihisha leo, wapinzani watanitafuna mzimamzima. Ngoja uchaguzi upite."

Uchaguzi ukapita, akashinda. Ngoja niapishwe. Akaapishwa, tena akapewa unaibu waziri, wa afya, maana nchi nayo ina utani wake. Baada ya hapo simu ilipokelewa na katibu, na katibu akauliza Sista yupi.

Mwezi wa saba tangu mama agome, zahanati ikapata ziara ya kushtukiza, iliyotangazwa wiki nzima. Ukuta ulipakwa rangi, upande wa kamera tu. Mheshimiwa akashuka na msafara wake, matangazo ya moja kwa moja, akasalimia kila mtoto kichwani kama anayekagua matikiti.

Pale mlangoni pana benchi, na benchi lina sheria ya Sista: haingii mtu kwa daktari kabla ya kupimwa presha, awe askari, awe mlevi. Wapiga picha wakaupenda utaratibu huo. "Mheshimiwa, keti nawe upimwe, itapendeza." Akaketi kati ya bibi mmoja na dereva wa lori, akakunja mkono wa shati bila kuambiwa, akaulaza vizuri, kiganja juu. Sista akaliona hilo. Anayekunja hivyo ni mzoefu.

Mashine ikavuma, namba zikatoka safi. Sista akainamia daftari, akauliza maswali yake ya kila siku kwa sauti yake ya kila siku, ileile ambayo huwauliza watu sitini kabla ya saa sita mchana.

"Unatumia dawa ya presha?"

"Ndiyo."

"Mwaka wa ngapi?"

"Wa tisa."

"Umewahi kuacha?"

"Niache? Siachi hata siku moja, Sista. Si ningekuwa nimeshakufa!"

Mtu akishafungwa kile kitambaa mkononi, ukubwa wote humtoka, anabaki mgonjwa tu, na mgonjwa husema kweli. Bibi wa pembeni akageuka, akamtazama juu mpaka chini.

"Ahaa! Kumbe kupumzika ni kwetu sisi!"

Msaidizi akaruka kuiziba kamera kwa kiganja, lakini nchi nzima ilikuwa imeshasikia. Sista akaandika daftarini: *Anameza.* Akaita, "Anayefuata!"

Utadhani aliona haya? Haya ni ya wenye nayo. Jioni ileile, kwenye taarifa ya habari, sauti laini kama kawaida: "Nilikwenda pale kuonyesha mfano kwa vitendo. Siku zote nimewahimiza wananchi wasiache dawa." Hakupepesa jicho. Sista aliyasikia akiwa njiani, kwenye runinga ya duka la viatu, akasonya mpaka mwenye duka akageuka. Halafu akakaza mwendo, karibu kukimbia, kwa sababu kweli au uongo, yale maneno yalikuwa yamesemwa.

Mama alikuwa kitini mbele ya runinga, kanuna.

"Umemsikia Daktari?"

"Nimemsikia, mama."

"Miaka tisa anameza, haachi hata siku moja. Na wewe unaishi na mama yako humu ndani, miezi saba unanitazama, huniambii kwamba dawa ya presha haiachwi! Nesi gani wewe?"

Sista aliweka mkoba mezani.

"Nisamehe, mama," alisema, akaenda kuleta vidonge na maji.