Chupa za Njano Nyuma ya Trela

Siku ya kwanza nilidhani ni juisi ya marakuja. Chupa kumi na mbili zilikuwa zimepangwa chini, sita huku na sita kule, kutoka katikati ya yadi mpaka mlango wa depo, na jua la asubuhi la Kamembe, mji wetu kando ya Ziwa Kivu, lilikuwa linapita ndani yake vizuri kabisa. Nikasema moyoni, hawa watu wana roho nzuri, wamemwekea mwanafunzi kinywaji. Kisha nikainama karibu, nikanusa.

Ulikuwa mkojo wa madereva. Wanaotoka Kigali hawapendi kusimama katikati ya msitu wa Nyungwe, maana kona ni nyingi na ukungu ni mzito, kwa hiyo kila mmoja ana chupa yake kando ya kiti. Wakifika kwetu wanaziacha kwa mzee aliyekuwa ananifundisha kurudisha lori nyuma, naye anazitumia kama alama za njia. Chupa tupu inapeperushwa na upepo wa ziwa, alinieleza, ila iliyojaa inasimama. Na maji safi ayaharibu kwa nini, wakati hii ipo? Kila asubuhi alizipanga kwa mikono yake, zingine hazina vizibo, kisha akaja kunisalimia kwa mkono huohuo.

Mzee akikunyooshea mkono huukatai. Unaupokea, mkono wa kushoto umegusa kiwiko, unainamisha kichwa. Niliupokea kila siku kwa wiki mbili, na kila siku nilienda bombani kunawa hadi ngozi ya vidole ikakunjamana. Huko nje ya ukuta barabara inafagiliwa, huoni hata ganda la ndizi, mgeni akipita anasifu. Ndani ya ukuta wetu kulikuwa na tope jeusi lisilokauka, maji ya samaki wabichi wa Bukavu yamechanganyika na mafuta ya injini, na inzi wanene wasiojua kuogopa.

Lakini nilibaki, kwa sababu ya kiti. Patron wetu, yaani bosi mwenye malori, mama anayeuza simenti na unga upande wa Bukavu, ng'ambo ya mpaka, alikuwa amesema hivi: Ijumaa ya wiki ya pili atakuja mwenyewe. Nikiingiza rukururana, yaani lori la kichwa na trela, kinyumenyume kati ya chupa zile mpaka mlango wa depo, bila kugusa hata moja, nitakuwa dereva wa pili wa safari za Kigali. Nikigusa, kiti anapewa mwingine, na mimi narudi kijijini Gikundamvura kwenye shamba la mama yangu. Jembe silidharau, limenilisha. Ila tangu niache shule mwaka wa tatu wa sekondari, nilikuwa nikisikia lori linapanda mlima, namaliza safari yake kichwani: nalipeleka msituni, nalitoa upande wa pili, nalala mji nisioujua.

Sasa nikakuta trela halijui ndoto za mtu. Ukikata usukani kulia, mkia unaenda kushoto. Mimi nilikuwa nimezoea gari dogo la kujifunzia leseni, ndani ya dakika moja trela likanigeukia na kunitazama dirishani kama ng'ombe anayetaka chumvi. Mzee akaniambia nishike usukani chini kabisa, karibu na magoti. Mkono ukienda kushoto, na mkia unaenda kushoto. Hilo nililishika siku ya tatu, na nikafurahi mpaka nikaimba.

Chupa ya kwanza ilipasuka katikati ya wimbo.

Sheria ilikuwa kwamba anayepasua anaosha tairi. Sitaeleza harufu ya mkojo wa siku nne juu ya mpira uliopata joto. Wapakizi wa depo, vijana watano wanaoshinda wamekaa juu ya magunia, walikuwa wakiingojea saa hiyo kama mpira wa miguu. Waliniita shofere wa parfum, dereva wa manukato. Mmoja aliuliza kama nyumbani kwetu nina mchumba, na kama pua yake inafanya kazi. Nilicheka nao, maana mimi ni mtu wa kucheka, lakini usiku sikula.

Nilipasua saba kwa siku nne. Kosa langu halikuwa mikono tena, lilikuwa miguu. Upande wa kulia kioo hakionyeshi tairi za mwisho za trela. Usipoona, unasimama, unashuka, unazunguka kuangalia. Mimi sikushuka. Nilikuwa nafikiria lile tope, naacha mlango umefungwa, namtazama Mzee aliyesimama nyuma akiniita kwa mkono, kuja, kuja, na nafuata mkono wake tu. Nilidhani ndiyo heshima. Yeye ameendesha malori kabla mimi sijazaliwa, mimi nani nishuke kukagua alichokwisha kuona?

Alhamisi alikuja mpaka dirishani. Hakukasirika.

"Mutoto," alisema, "muntu anaogopa kushuka chini, siku moja ataua muntu."

Ijumaa nilivaa viatu vyeupe vya kanisani, kwa ajili ya patron. Ujinga mtupu. Alikuja, akasimama kwenye kivuli cha depo ameshika leso puani, na wapakizi wakanyamaza ghafla kama watu wa adabu. Niliweka gia ya nyuma. Mkono chini ya usukani. Chupa mbili za kwanza zikapita, za pili, za tatu. Kwenye kioo cha kushoto nilimwona Mzee akiita, kuja, kuja. Zikapita za nne.

Hapo mpakizi mmoja akaziba mdomo kwa kiganja. Nikaliona hilo tu. Mtu hazibi mdomo bure.

Mzee bado alikuwa ananiita. Nikakanyaga breki, nikafungua mlango, nikashuka. Tope likaingia kwenye viatu vyeupe mpaka soksi, la uvuguvugu. Nikazunguka upande wa kulia. Chupa ya tano ilikuwa imelala nyuma ya tairi, umbali wa kiganja. Haikuanguka yenyewe; alama ya kandambili ilionekana kwenye tope, mtu aliisukuma kwa mguu nilipokuwa nakuja. Watano wote waliona. Hakuna aliyefungua mdomo. Walikuwa wanataka wacheke. Uchafu wa yadi ile yote, huo ndio ulionichukiza kuliko mwingine, na mpaka leo nikiukumbuka nataka kutema mate.

Nilimgeukia Mzee.

"Mzee, uliiona?"

"Nilishaiona."

"Na ulikuwa unaniita nikuje?"

"Nilikuwa nataka nione kama utashuka."

Nilikuwa nampenda yule mzee, na dakika ile nilimchukia. Niliinama, nikaiokota chupa kwa mkono wangu mwenyewe, ikiwa na joto la jua, kizibo kimelegea, ikanimwagikia mpaka kwenye mkono wa shati. Nikaisimamisha mahali pake. Nikapanda na matope yangu, nikarudi nyuma polepole, nikishuka mara mbili zaidi kuangalia, wala hakuna aliyecheka, mpaka trela likagusa mpira wa kukinga mlango wa depo.

Patron alisema kupitia leso kwamba Jumatatu nitaondoka na lori, na kwamba nikanawe.

Mzee akaja na mkono wake umenyooshwa, uleule wa kila asubuhi. Kwetu mtu mwenye mikono michafu hatoi kiganja. Anakunja vidole, anatoa kifundo cha mkono, mwenzake anashika hapo. Kwa wiki mbili yeye hakufanya hivyo hata siku moja. Nikakunja vidole, nikampa kifundo. Alikitazama, akatazama kiganja chake mwenyewe, akakirudisha nyuma kidogo. Kisha naye akakunja vidole, na tukagusanisha vifundo hivyohivyo, wachafu wawili.

Nyungwe nimeshaivuka mara nyingi. Chupa sibebi. Nabana mkojo mpaka ng'ambo ya msitu.