Ganzi Chini ya Kitovu

Baada ya kuzaa mapacha, tumbo langu halikurudi. Ngozi ilining'inia, na katikati misuli ilikuwa imeachana. Nikikohoa, kitu kinasukuma nje kama ngumi. Kubeba debe la maji kutoka bombani hadi nyumba za reli tulikokaa, hapa Nakuru, kulinishinda. Mume wangu, fundi wa karakana ya treni, akanipeleka hospitali.

Daktari alikuwa Mzungu. Alisema Kiingereza na dresa wa wadi, msaidizi wa kufunga vidonda, naye dresa akamvuta mume wangu hadi dirishani. Mimi nilikaa kitandani nimejifunga shuka, nikiwatazama migongo. Waliongea kitambo, kisha mume wangu akatia sahihi.

"Wamesemaje?" nikamuuliza.

"Watashona misuli, wakate ngozi iliyozidi. Utapona."

Nikapona kweli. Debe nikalibeba. Lakini nilipojigusa chini ya kitovu, vidole vilihisi tumbo, tumbo halikuhisi vidole. Mtoto alinikojolea nimempakata, nisijue mpaka mkojo ulipofika mapajani. Kila nikimwambia mume wangu, alijibu, "Ni kidonda hicho. Ngoja tu."

Nikangoja miezi saba.

Asubuhi moja nilikuwa nikipiga ovaroli zake pasi ya makaa. Nikaisimamisha ukingoni mwa meza, nikaegemea kufikia nguo za upande wa pili. Nikasikia harufu ya kitambaa kinachoungua. Nikainua ovaroli, nikaigeuza, sikuona kitu. Jirani yangu aliyekuwa mlangoni ndiye aliyepiga kelele, "Mama Mapacha, ni wewe unaungua!"

Hospitalini nilimkuta dresa yule yule. Aliniosha taratibu, akasema kwa huruma, "Lakini mama, si daktari alieleza? Ngozi hii ingekufa ganzi, pengine maisha yako yote. Ujihadhari na moto. Mzee alisema atakwambia."

Mume wangu aliporudi kutoka kazini nilikuwa nimekaa, sijapika.

"Ulijua," nikasema.

Hakuuliza alijua nini. Alivua kofia. "Ningekwambia ungekataa upasuaji. Na watoto wawili, nani angewabeba?"

"Ningekubali. Siku hiyo hiyo ningekubali."

Ngozi haikuniuma, kilichoniuma ni ile miezi saba. Aliniona nikijifinya kitandani, nikijaribu maji ya baridi, maji ya moto, akaniambia ningoje kitu alichojua pengine hakitakuja.

Alitaka kunisindikiza kubadilisha dawa. Nikakataa. Nilikwenda peke yangu, nikamwomba dresa anieleze yote, tena mara mbili.

Pembeni hisia zilirudi kidogo kidogo, kwa kuwasha. Katikati hazikurudi. Mume wangu aliomba msamaha mbele ya dada yangu, nami nikamsamehe. Ila tangu hapo, akiniletea neno la daktari, langu au la watoto, nilimshukuru, kisha nikajifunga leso nikaenda kuuliza mwenyewe.