Sungura Aliyenyimwa Majani

Saa nne na dakika ishirini asubuhi, siku ya Jumanne, daktari wa mifugo alimpasua sungura wa binti yangu ili amtoe kizazi. Binti yangu yuko chuoni Dodoma. Mnyama aliniachia mimi. Wiki mbili kabla ya hapo mkojo wake ulikuwa umeanza kuwa na damu, na daktari akasema kizazi kina uvimbe. Kwa hilo sikuwa na ubishi.

Ubishi ulianza aliponiagiza mnyama asile kitu tangu Jumatatu saa kumi na mbili jioni. Katika kitabu cha ufugaji nilichonunua kwa muuza vitabu chakavu pale Chikongola, nilikuwa nimesoma kwamba sungura hatapiki, kwa hiyo kumfungisha kabla ya upasuaji hakumkingi na lolote. Tena utumbo wake ukikaa mtupu husimama, na ukisimama anakufa. Nikamweleza. Akanitazama juu ya miwani.

"Mzee, wewe umesomea wapi?"

Niliishia darasa la saba. Nilirudi nyumbani nikaondoa majani bandani. Kosa hilo ni langu, na linaniuma kuliko lake.

Sungura alirudi saa saba mchana na nyuzi sita tumboni na dawa ya kuzuia usaha. Ya maumivu hakupewa. Nilimlaza ndani ya boksi la sabuni, juu ya shuka jeupe, ili nihesabu vidonge vya kinyesi, maana ndivyo vinavyoonyesha kama utumbo unafanya kazi. Hadi magharibi, hakuna. Jumatano asubuhi, hakuna. Nilimwekea matembele, hata hakuyanusa. Alijikunyata pembeni akisaga meno kwa maumivu.

Mke wangu akampigia simu kaka yake. Saa nane mchana shemeji alifika kutoka Likombe, kisu amekifunga kwenye gazeti.

"Shemeji, huyu anaondoka," alisema kwa upole. "Tumuwahi, asije akawa mzoga. Dada, nazi ipo?"

Nilimwambia nyama hiyo imejaa dawa ya usingizi, akiila ataamka swala ya Ijumaa imeshapita. Alicheka. Akauliza kama huyu ndiye mke wa pili, maana dada yake alipojifungua hakutandikiwa shuka jeupe.

Hakuwa na nia mbaya. Kilichonikera ni kwamba nyumba nzima ilishakubaliana sungura amekufa, na hakuna aliyeuliza mara ya mwisho alikula lini. Zilikuwa saa arobaini na nne. Nilichukua kile kisu, nikakitia mkobani, nikapanda bodaboda.

Kwa daktari walikuwepo wateja watatu. Sikupaza sauti.

"Umempasua tumbo, umemshona, dawa ya maumivu hukumpa. Wewe ungekula?"

Alifungua kabati akatoa chupa ndogo.

Nyumbani nilimpa dawa, nikasaga matembele kwa maji, nikayavuta kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Tatizo likawa kumshika bila kugusa mshono. Shemeji, aliyekuwa bado anadai kisu chake, alimviringisha kwenye kanga ya dada yake na kumpakata kama mtoto. Mbuzi anaowafuga wamemfundisha mikono. Kijiko kimoja cha chai kila nusu saa. Saa kumi na moja na dakika arobaini aliniita. Juu ya shuka kulikuwa na vidonge vitatu, vikavu, vidogo kama pilipili manga. Binti yangu alipopiga simu jioni hiyo, nilikuwa na la kumwambia.

Siku ya kutoa nyuzi, daktari aliwaambia waliokuwepo kwamba mimi ni mfano wa mteja anayefuata maelekezo. Daftari nililoandikia kila saa aliyokula na kila kidonge cha kinyesi lilikuwa mkononi mwangu. Hakuomba kuliona.

Shemeji naye ana hesabu yake, huirudia kila akija: upasuaji, dawa na bodaboda ni elfu sabini na sita, sungura mzima sokoni ni elfu ishirini. Kwa hiyo, anasema huku akimkuna sungura masikio, nimepata hasara ya shilingi elfu hamsini na sita.